Barua ya wazi kwa Kamishna Jenerali: Tanga ianze na stoo, magari yafuate

Kwa Kamishna Jenerali,
Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Tanga, Kamanda wa Polisi wa Mkoa, Mkemia Mkuu wa Serikali.

YAH: MPANGILIO WA OFISI INAYOHUDUMIA PWANI YA TANGA

Mheshimiwa,

Salaam kutoka Tanga. Tunakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa watu wengi kuliko wanaokaa kwenye vikao vya Kamati ya Usalama: wavuvi wa Kigombe na Kipumbwi, wenyeviti wa mitaa ya Ngamiani wanaogongewa mlango usiku wa manane kwenda kushuhudia upekuzi, maofisa wa forodha wa mpaka wa Horohoro na Kenya, wauguzi wa hospitali ya Bombo. Ombi letu ni moja. Popote itakapopangwa ofisi, dawati au kikosi cha kuhudumia mkoa huu, fedha ya kwanza iende kwenye stoo ya vielelezo, mizani na mtu wa kuvitunza. Magari na boti vifuate.

Tunajua ombi hili halina mvuto. Stoo haipigwi picha. Lakini kesi za unga na bangi hazifi baharini, zinafia kwenye daftari.

Turudi nyuma kidogo. Sheria Na. 9 ya mwaka 1995 ndiyo iliyozaa Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya, iliyoanza kazi 1997 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Tume iliratibu, ikaelimisha, ikaandika taarifa. Kukamata, kupekua na kupeleleza hakukuwa kwake. Kazi hiyo ilibaki kwa Kikosi cha Kuzuia Dawa za Kulevya cha Polisi, kwa Forodha, na kwa yeyote aliyekutana na mzigo njiani. Sheria Na. 5 ya 2015 ikaunda Mamlaka yenye meno hayo, na Februari 2017 Rogers Siyanga akateuliwa kuwa Kamishna Jenerali wa kwanza. Haya unayajua kuliko sisi. Tunayataja kwa kuwa sheria ilibadilika haraka kuliko makabati. Mkamataji wa kwanza mkoani bado mara nyingi ni askari wa kituo au ofisa wa forodha, na kielelezo huanza maisha yake kwenye chumba ambacho hakikujengwa kwa kazi hiyo, pamoja na pikipiki za wizi na magunia ya mkaa.

Mahakama ya Rufani ilishaeleza kinachotakiwa, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007: kumbukumbu za maandishi, kwa mfuatano wa muda, zinazoonyesha kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohamishwa, kilivyochunguzwa na kilivyoishia. Wapo wanaojifariji kwamba katika hukumu za baadaye Mahakama imelegeza kamba, kwamba maelezo ya mdomo ya mashahidi nayo yanaweza kutosha. Ni kweli, lakini ulegevu huo huwasaidia zaidi wenye vielelezo visivyobadilishwa kirahisi. Gari haligeuki kuwa gari lingine likiwa stoo. Kete ya unga inageuka, na wakili wa utetezi atauliza hapohapo.

Hesabu mikono ambayo kielelezo cha Tanga kinapitia. Mkamataji, mtunza vielelezo, msafirishaji, mpokeaji wa maabara, mchambuzi, msafirishaji tena, mtunza tena, na hatimaye mpelelezi anayekipeleka mahakamani. Makabidhiano saba kwa uchache. Kila kabidhiano linahitaji tarehe, saa, majina mawili kamili, saini mbili, uzito, na namba ya lakiri, yaani muhuri wa kufungia, iliyokutwa na iliyoachwa. Likikosekana moja, sita yaliyobaki hayalikomboi. Na maabara ya Mkemia Mkuu haiko jirani: ukienda Dar es Salaam au Arusha ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Askari anayepanda basi na bahasha begani hana kosa. Kosa ni la ofisi isiyompa kasha la chuma lenye kufuli, mwenzake wa pili na hati ya safari.

Makosa yenyewe ni madogo hata yanakera. Hati ya ukamataji inaandika "unga mweupe", ripoti ya Mkemia inasema rangi ya kahawia, kwa sababu mmoja alitazama kwa tochi na mwingine mchana. Jina la mtuhumiwa ni Hamisi huku na Khamis kule. Saa ya kukamata imeandikwa baada ya saa ya kupokelewa stoo, kwa kuwa mmoja alifuata saa ya Kiswahili na mwingine saa ya simu. Saa tatu ikawa saa tisa. Shahidi huru ni dereva wa gari la operesheni. Mtunza vielelezo amehamishiwa mkoa mwingine, na aliyepokea funguo hakuhesabu kilichomo. Hakuna hata moja hapa linalohitaji teknolojia. Yanahitaji fomu iliyochapishwa kwa nakala tatu, wino usiofutika, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu.

Stoo tunayoiomba ni chumba cha zege chenye mlango mmoja wa chuma, kufuli mbili na funguo kwa watu wawili tofauti, bila dirisha la kufunguka, chenye kiyoyozi na kipimo cha unyevu. Kiyoyozi si anasa kwa mji huu. Bangi iliyofungwa kwenye nailoni kwa joto la Tanga huota ukungu, na ikishaota, uchambuzi unaleta maswali. Majani yawekwe kwenye mifuko ya karatasi, yakauke kwanza. Unga ndio ukae kwenye plastiki isiyopitisha hewa. Rafu ziwe za chuma, zisiguse ukuta, kwa sababu ya mchwa na panya. Kreti za bangi na paketi za unga zisikae chumba kimoja bila kizuizi, la sivyo chembe zitahama na utetezi utalijua hilo.

Mizani iwe miwili. Wa jukwaa kwa magunia, na wa meza unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu kwa kete. Kete moja ya mtaani ni sehemu ndogo ya gramu. Ukiiweka kwenye mizani ya dukani inasoma sifuri, halafu mtu anaandika "takriban gramu moja" kwa kukisia. Katika sheria hii uzito ndio unaochagua kifungu na adhabu, kwa hiyo kukisia ni kumpangia mtu kifungo kwa jicho. Mizani yote miwili ihakikiwe na Wakala wa Vipimo na stika yake isipitwe na muda. Upimwe uzito pamoja na kifungashio, kisha bila kifungashio, na vyote viandikwe, mtuhumiwa akiwepo. Bangi mbichi ikikauka hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake. Asiyeandika kwamba mzigo ulikuwa mbichi atashindwa kueleza mahakamani kilo nyingine zimekwenda wapi, na kila mtu chumbani atadhani zimevutwa.

Vipimo vya haraka navyo vinatumika vibaya. Kitendanishi cha Marquis, kimiminika kinachobadili rangi kikigusa dawa, kikigeuka zambarau kinakuambia kuna dalili ya heroini au jamaa zake, basi. Ni sababu ya kuendelea, si ushahidi wa kumtia mtu hatiani. Chupa hizo zina tarehe ya mwisho na hazipendi joto. Zikikaa kwenye droo ya gari lililoegeshwa juani Raskazone, zitatoa rangi zinazotaka zenyewe.

Na mzigo mkubwa je? Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Mzigo wa namna hiyo ukishuka hapa kwetu, nani anajua kuchukua sampuli? Kanuni iliyozoeleka ni hii: paketi zikiwa 10 au pungufu, fungua zote, zikizidi 10 hadi 100, chagua 10 bila kupendelea, zikizidi 100, chukua kipeuo cha pili cha idadi. Paketi 900, sampuli 30. Lakini kabla ya hapo zipangwe kwa kufanana: rangi, nembo, ufungaji. Paketi zenye nembo mbili tofauti ni makundi mawili, kila moja na hesabu yake. Ukichanganya, umeithibitisha nusu ya mzigo tu.

Mirungi inataka aya yake, maana huku ni adha ya kila wiki. Kenya ni zao halali. Ukivuka Horohoro ni kosa la jinai. Na kielelezo chake kinaoza. Kathinoni, ile kemikali yenye nguvu, huanza kubadilika kuwa kathini mara majani yanaponyauka, na baada ya siku mbili tatu imebaki kidogo. Mafungu yaliyokamatwa Ijumaa jioni yakasubiri Jumatatu ni majani tu. Ofisi iwe na friji ya kugandisha kwa ajili ya sampuli, na mpango na hakimu wa zamu wa kuteketeza mzigo uliobaki mapema. Picha zipigwe, orodha iandikwe, na mtuhumiwa awepo, asikilizwe, maneno yake yaandikwe. Mahakama ya Rufani imeshalisema hili kwa vielelezo vinavyoharibika: kuteketeza nyuma ya mgongo wa mtuhumiwa ni kuteketeza kesi.

Sasa bahari. Majahazi yanayobeba heroini kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, huteremka na upepo wa kaskazi. Kusi ikichafuka, Juni hadi Agosti, safari hupungua. Hivyo likizo, matengenezo ya boti na mafunzo yawekwe wakati wa kusi, na kuanzia Novemba watu wawe kamili. Linaonekana dogo, lakini kalenda ya serikali huanza Julai, fedha huchelewa kushuka, na mafuta ya boti huja kupatikana msimu umekwisha. Ombeni fungu la mafuta ya Novemba hadi Machi litengwe mapema, lisiguswe kwa kazi nyingine.

Jahazi kubwa haliji ufukweni. Hukaa nje, na boti za fiba zenye mashine mbili hulifuata huko, kisha zikaingia usiku kwenye bandari bubu. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yakijaa, boti inaingia ndani kabisa ya mikoko ya Moa au Jasini, mahali ambapo maji mafu, yale ya siku za maji madogo, hayaifikishi. Anayepanga doria bila jedwali la maji anapoteza mafuta. Wavuvi wanajua usiku upi ni upi. Vikundi vya BMU, vile vya wavuvi vya kulinda rasilimali za ufukweni, viwe na mtu wa kumpigia anayejulikana kwa sauti. Namba 119 ni nzuri, ila mvuvi wa Kipumbwi anataka kujua simu itapokelewa na nani, na kama jina lake litafika kwa mwenye mzigo kabla ya alfajiri. Bila jibu la hilo hapigi, na hatumlaumu.

Pemba nayo iko palepale mbele yetu. Sheria ya 2015 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake, na baharini kuna KMKM, kikosi chake cha kuzuia magendo. Boti ikikimbizwa kutoka Pangani ikakamatiwa upande wa pili wa mkondo, nani anaandika hati ya ukamataji, kwa fomu ya sheria ipi, na mzigo unalala stoo ya nani? Hilo lijibiwe kwa waraka wa pamoja kabla boti haijakimbizwa. Waraka huo uwe na fomu moja ya makabidhiano inayokubalika pande zote mbili.

Bandarini mambo yamebadilika. Zamani meli zilitia nanga nje na mizigo ikaletwa kwa matishari. Sasa kina kimechimbwa hadi mita 13 na meli zinafunga gatini. Makontena yataongezeka, na mchezo wa kuingiza mabegi kwenye kontena la mtu asiyejua kitu, kisha kuweka lakiri bandia, utafika na hapa. Karani wa getini asome namba ya lakiri kwenye kontena lenyewe, asinakili iliyo kwenye karatasi. Kemikali bashirifu, zile zinazoweza kutengenezea dawa za kulevya, zikaguliwe kwa vibali na pia kwa swali la kawaida: kiwanda hiki kinatumia kiasi gani kwa mwezi, na kimeagiza kiasi gani?

La mwisho ni la kliniki ya methadoni ya Bombo, inayowatibu waraibu wa heroini. Dawa hii hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mteja akikamatwa Ijumaa kwa kosa lolote, hata ugomvi wa kijiweni, hadi Jumapili arosto, maumivu ya kukosa dawa, imemshika. Na akikosa dozi siku tatu mfululizo haruhusiwi kurudi tu kwenye kiwango chake, lazima apimwe upya, kwani mwili umepunguza uvumilivu na dozi ya zamani inaweza kumuua. Tunaomba utaratibu ulioandikwa: mtuhumiwa aulizwe mahabusu kama yuko kwenye dawa, kliniki ipigiwe simu siku hiyohiyo, na dozi ifikishwe kituoni au yeye apelekwe chini ya ulinzi. Na askari wa operesheni wasisubiri watu kwenye geti la kliniki. Ni rahisi kujaza idadi ya waliokamatwa pale, tunajua. Wiki inayofuata foleni inakuwa fupi, na wale waliotoweka wamerudi kwa pusha.

Tuko tayari kukaa na maofisa wako siku nzima, fomu na majedwali ya maji yakiwa mezani. Tunaomba jibu lako liwe la maandishi, nalo liwekwe hadharani.

Wako katika kazi,
Wadau wa udhibiti wa dawa za kulevya, Tanga