Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Mambo ya Kale, Kilwa Masoko

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunashukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Wewe ni mtu wa magofu, kwa hiyo hatutakusomesha habari za Kilwa Kisiwani. Maonesho ya mwaka huu yanamhusu mwanaakiolojia Yosihiko Sinoto, mzaliwa wa Tokyo mwaka 1924. Mwaka 1954 alipita Hawaii akielekea masomoni California, akanogewa na uchimbaji, safari ikaishia hapo. Alitumikia Makumbusho ya Bishop, Honolulu, kwa zaidi ya nusu karne, akafariki mwaka 2017.

Kwenye meza ya kwanza utaona michoro ya ndoana za mfupa na za chaza. Tazama kichwani, pale panapofungwa mshipi: nyingine zina pengo, nyingine zina nundu. Sinoto aligundua kwamba umbo hilo lilibadilika kadiri vizazi vilivyopita, akalitumia kupanga lipi la kale na lipi la baadaye. Wavuvi wetu wangemwelewa upesi kuliko sisi.

Lakini kilichotuvutia zaidi ni Huahine, kisiwa jirani na Tahiti katika Bahari ya Pasifiki. Kuanzia mwaka 1967 alisimamia ukarabati wa marae, yaani viwanja vya ibada vya mawe, katika kijiji cha Maeva. Miaka ya 1970, mitambo ya ujenzi wa hoteli kisiwani humo ilifukua rungu za kale zinazofanana na za Wamaori wa New Zealand. Sinoto akachimba hapo, akapata mbao za chombo kikubwa cha safari na kasia la usukani. Tope lilizuia hewa, mbao hazikuoza. Mabaharia wa vyombo kama hicho wana nasaba na waliofika Madagaska, na wataalamu wengi wanaamini matengo ya ngalawa zetu, yaani mbao za ubavuni zinazozuia chombo kupinduka, yalitoka kwa hao waliofika Madagaska.

Mheshimiwa, wenyeji wa Huahine walishika kazi pamoja naye, wakamwita Taote, yaani daktari. Ombi letu ni hilo hilo: ukarabati ujao wa magofu ya Kisiwani, Msikiti Mkuu au jumba la Husuni Kubwa, utukute tukichanganya chokaa na kushika futi kamba, badala ya kupita na mwalimu tukiandika dondoo. Nauli ya boti nayo ni mzigo kwa wengi wetu. Ukitusaidia hapo, Jumamosi tutakuwa Kisiwani.

Tunaomba kuwasilisha.