Barua kwa Vijana Mliokabidhiwa Timu

Wanangu,

Salamu nyingi. Naona jinsi mnavyoipenda Google, na jinsi ile orodha yake ya mambo kumi inavyotumiwa kwenye simu zenu kila mmoja wenu anapopandishwa cheo. Mtangulize mtumiaji, mengine yatafuata. Fanya jambo moja, ulifanye vizuri mno. Unaweza kuwa mtu makini bila kuvaa suti. Ni maneno mazuri, siyabezi. Ila maneno mazuri yamebandikwa kwenye kuta za ofisi nyingi, na chini yake watu wanaogopana. Kama mnataka kujifunza uongozi kwa kampuni hii, iacheni kwanza orodha, mtazame yaliyotendeka.

Anzeni na Ijumaa moja ya Mei 2002. Larry Page, mmoja wa waasisi wawili, alikuwa akiujaribu mtambo wao wa kutafutia, akaona matangazo yanayojitokeza hayahusiani kabisa na anachokitafuta. Bosi tuliyemzoea angemwita mkuu wa kitengo, amfokee, kisha iundwe kamati. Page alizichapisha zile kurasa, akaandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba matangazo haya ni ovyo, akazibandika kwenye ubao wa jikoni, mahali ambapo kila mfanyakazi hupita. Akaenda zake nyumbani.

Alfajiri ya Jumatatu, saa kumi na moja na dakika tano, ikaingia barua pepe ya mhandisi Jeff Dean. Yeye na wenzake wanne walikuwa wameiona ile karatasi, wakakubali kwamba ni kweli, wakachimbua chanzo cha tatizo, na dawa wakaiambatanisha, pamoja na programu ya majaribio waliyoiandika wikendi ile. Wazo lao lilikuwa tangazo lipangwe kwa kadiri linavyohusiana na kile mtu anachotafuta, lisipandishwe juu kwa nguvu ya pesa ya mtangazaji pekee. Wazo hilo lilikuja kuwa nguzo ya biashara yao yote ya matangazo. Na wale watano hawakuwa hata watu wa kitengo cha matangazo!

Kisa hiki husimuliwa sana, na wengi hukisimulia vibaya. Wanawasifu vijana waliokesha, halafu kesho yake wanawadai watu wao wikendi zao. Mimi kukesha sikusifu. Mtu anahitaji kulala. Ninachokiona pale ni kwamba bosi alisema hadharani kuwa kazi ni mbaya, na hakumtaja mtu. Nao watu wa idara nyingine walishika jambo lisilo lao bila kuomba kibali, wala hawakuhofia kuulizwa nani kawatuma. Katika ofisi nyingi ninazozijua, wale watano wangeandikiwa barua ya kujieleza, na mkuu wa kitengo angenuna mwaka mzima.

Huyo huyo Page, msidhani alikuwa malaika wa uongozi. Katika miaka ile ya mwanzo yeye na mwenzake Sergey Brin waliamua kuondoa mameneja wa wahandisi, wakiamini kwamba watu wenye akili hawahitaji msimamizi. Jaribio lilidumu miezi michache tu. Watu wakawa wanamfuata Page mwenyewe na hesabu za matumizi ya safari, na ugomvi wao, na maswali madogomadogo ya kila siku. Wakawarudisha mameneja.

Lakini shaka haikuisha, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Miaka michache baadaye wakaipima ile shaka yao kwa takwimu. Wakachukua tathmini za utendaji na maoni ya wafanyakazi, wakauliza: je, meneja ana faida yoyote? Jibu likawa kwamba anayo, na kubwa. Wakapata tabia nane za meneja mzuri. Ya kwanza ni kuwa kocha, yaani kumjenga mtu wako. Ya pili ni kumwachia nafasi afanye kazi yake bila kumkalia kooni. Ujuzi wa kitaalamu ulikuwa wa mwisho, wa nane. Hii ni kampuni ya wahandisi, inayoabudu ujuzi, na bado hesabu zao wenyewe ziliwaambia hivyo. Ninyi mliopewa timu kwa sababu mlikuwa hodari kuliko wenzenu, kaeni na jambo hilo kidogo.

Mwaka 2012 wakaanza uchunguzi mwingine, safari hii wakitazama timu zaidi ya 180. Walitarajia kugundua mchanganyiko wa watu unaozaa timu bora: wapole wangapi, wasemaji wangapi, wenye shahada gani. Hawakuupata. Walichokuta ni kwamba namna watu wanavyotendeana huzidi uzito wa nani yumo ndani ya timu, na kilichotangulia vyote ni mtu kujisikia salama kuuliza swali la kijinga au kukiri kosa bila kuchekwa. Wahenga husema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Kazini, aghalabu, ndiye wa kwanza kuhamishwa.

Usalama huo hauletwi na hotuba. Tazameni alivyofanya Bill Campbell, aliyefariki mwaka 2016. Alikuwa kocha wa mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Columbia kabla ya kuingia kwenye biashara, na baadaye akawa mshauri wa Page na wa Eric Schmidt, aliyeshika usukani wa Google mwaka 2001. Hakuwa mhandisi. Moja ya mambo aliyomfundisha Schmidt ni kuanza kikao cha wakuu kwa kuwauliza watu walivyoshinda wikendi, walikokwenda, wanao wanaendeleaje. Linaonekana jambo dogo, karibu la kupoteza muda. Ila aliyekwisha kucheka nawe habari za mtoto wake hakuogopi sana pale inapobidi akuambie mradi wako unazama.

Kuhusu malengo nitasema machache. Mwaka 1999 mwekezaji John Doerr aliwafundisha watu wa Google kuandika malengo na matokeo ya kupimika kila robo mwaka. Nyote mmeiga. Mlichosahau kuiga ni kwamba kule, kwenye malengo makubwa, asilimia 70 ilihesabiwa kuwa kazi nzuri, na anayefikisha 100 kila mara alishukiwa kujiwekea malengo mepesi. Wala alama zile hazikukusudiwa kuwa fimbo ya kumpunja mtu mshahara. Mkizigeuza fimbo, mtaletewa asilimia 100 kila robo, na zote zitakuwa za uongo.

Chakula cha bure, viti vya rangi na meza za michezo sitavijadili. Wazee walishasema kuhusu anayeiga tembo, nami sitaimalizia methali hiyo hapa.

Msiipende kampuni hii hadi mkashindwa kuona. Mwaka 2004, ilipokuwa ikijiandaa kuuza hisa kwa umma, waasisi waliahidi kwa maandishi kwamba hawatatenda uovu. Mwaka 2018 ahadi hiyo iliondolewa kwenye utangulizi wa kanuni za maadili, ikabaki kwenye sentensi ya mwisho. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, maelfu ya wafanyakazi walitoka ofisini kupinga namna kampuni ilivyoshughulikia tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya wakubwa. Januari 2023 ikatangazwa kwamba watu wapatao 12,000 wanapunguzwa, na wengi walipata habari kwa barua pepe. Mkurugenzi mkuu, Sundar Pichai, alisema anabeba wajibu wote. Wajibu akabeba yeye, kazi wakapoteza wengine. Agosti 2024 jaji wa Marekani akaamua kwamba kampuni ilivunja sheria ili kulinda ukiritimba wake katika utafutaji.

Sasa nina ombi. Mkinijibu, msiniandikie kwamba mmeguswa, wala msinitumie ile orodha tena. Niambieni ni lini mara ya mwisho mtu wa chini yenu aliwaambia mmekosea, alikuwa nani, na leo yuko wapi.

Wasalaam,
Mzee wenu