"Afadhali wewe" haimfariji mfiwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niwasihi wasomaji wenzangu jambo moja: mkienda kumpa pole mfiwa, neno "afadhali" liacheni mlangoni.

Binti yetu alifariki kwenye ajali ya barabarani. Waliokuja walikuwa watu wa nia njema, sina ugomvi nao. Lakini karibu kila mmoja alikuja na mzani wake. "Afadhali wewe umebakiwa na wawili." "Afadhali hakuteseka." "Kuna aliyefiwa na nyumba nzima." Nilikuwa naitikia tu, "Ni kweli," huku roho inaniuma. Na kwa kuwa mimi ni mwanamume, nikaongezewa na "jikaze".

Aliyenisaidia hakupima. Ni mwenzangu wa kazini, mtu tuliyekuwa tunasalimiana juu juu tu. Alivuta kiti, akakaa kimya, kisha akasema kwamba mkewe alipofariki akijifungua, yeye aliendelea kupakua sahani mbili kila usiku kwa muda mrefu, na ile ya pili akaila mwenyewe asubuhi kwa sababu chakula hakitupwi. Nikacheka. Naye akacheka. Ndipo nikamwambia nisilowahi kumwambia hata mke wangu: bado naweka vocha kwenye laini ya binti yangu ili isifungwe, na nikiwa peke yangu huipiga niisikie ikiita. Hakushtuka. Aliuliza tu, "Simu yenyewe iko wapi?" Nikamjibu iko kabatini, nimeichomeka chaji.

Msiba wake haukupunguza wangu hata chembe. Ila nilikuwa nimeshaanza kudhani nimerukwa na akili, kumbe ndivyo watu wanavyokuwa.

Wala jambo hili si jipya. Mwaka 1968, mjini Coventry, Uingereza, wavulana wawili wa familia tofauti walifariki katika hospitali moja, siku zikiwa zimekaribiana. Kasisi kijana wa hapo, Simon Stephens, aliwakutanisha wazazi wao, akaona wanavyofarijiana kuliko yeye alivyoweza kuwafariji. Mwaka uliofuata kikazaliwa chama cha Compassionate Friends, ambacho leo kina vikundi vya wazazi waliofiwa katika nchi nyingi.

Sisemi mazungumzo yanatibu kila kitu. Majonzi makali yanayomlemaza mtu kupita miezi sita yamo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani; huyo apelekwe kwa mtaalamu. Na asiyetaka kusema aachwe. Mke wangu hataki kusimulia, nami simshurutishi.

Lakini wewe uliyewahi kufiwa, ukienda kumwona mwenzako, msimulie yako, hasa yale unayoyaonea aibu. Na uende baada ya miezi mitatu hivi. Siku za mwanzo huwa hata viti havitoshi.

Ni mimi mzazi,
msomaji wako wa siku nyingi