Chokoleti ya gramu 80 ni vijiko 11 vya sukari: bei isibandikwe juu ya jedwali

Ndugu Mhariri,

Msimu wa mahafali ukifika hapa Dodoma, mhitimu huvishwa mashada mpaka shingo haionekani, na siku hizi katikati ya maua ya plastiki huning'inizwa pipi na chokoleti. Hatuna ugomvi na hilo, mahafali ni siku moja. Tunaandika kuhusu chokoleti ya siku za kawaida, ile inayotiwa kwenye begi la mtoto asubuhi kwa hoja kwamba ina maziwa, ina karanga, itamshikilia mpaka saa nane. Hoja hiyo inapimika, na kipimo chake kimechapishwa kwenye jedwali la lishe, nyuma ya karatasi ya chokoleti yenyewe. Shida ni kwamba jedwali lile lina herufi za kuchungulia, mara nyingi kwa Kiingereza, na muuza duka akishabandika kikaratasi cha bei juu yake, habari imeishia hapo.

Cha kwanza kutazama ni uzito, kabla ya kalori. Majedwali mengi yana safu mbili: ya gramu 100, na ya "kipimo kimoja". Kipimo hicho anakipanga mtengenezaji. Chaweza kuwa vipande vichache vyenye gramu 25, ilhali chokoleti nzima ni gramu 80. Mzazi anasoma kalori 130 na kitu, anaridhika. Mtoto anamaliza yote, kalori zaidi ya 400. Safu ya kipimo iacheni. Chukueni namba ya gramu 100, zidisheni kwa uzito ulioandikwa mbele, gaweni kwa 100. Simu ya batani inatosha.

Tujaribu na Cadbury Dairy Milk inayouzwa Uingereza (mchanganyiko hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo soma uliyoishika mkononi). Kwa gramu 100 ina kalori 534, mafuta gramu 30, kati ya hayo gramu 18 ni mafuta mgando, sukari gramu 56 na protini gramu 7.3. Ikiwa ya gramu 80, hesabu inakuja hivi: kalori 427, mafuta 24, sukari 45, protini chini kidogo ya 6. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba sukari gramu 4 hivi. Gawa 45 kwa 4, unapata vijiko 11.

Je, 11 ni vingi? Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 lilitaka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na likasema ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50. Kwa mtoto wa kalori 1,500 ni gramu 37 na nusu. Ni haki kusema kwamba sehemu ya sukari ya chokoleti ni ya maziwa, na hiyo shirika halikuihesabu. Tukadirie kwa ukarimu, tutoe moja ya tano: zinabaki gramu 36. Yaani mgawo wa siku nzima wa mtoto huyo umekwisha mapumziko ya saa nne, na bado kuna chai ya jioni.

Na maziwa yenyewe? Yamo, si uongo. Huko Uingereza kampuni hiyo imekuwa ikieleza kwamba kila gramu 227 za chokoleti hiyo zina maziwa sawa na mililita 426. Kwa gramu 80 hiyo ni mililita 150, nusu kikombe na ushee. Anayetaka mtoto apate maziwa anaweza kumpa nusu kikombe cha maziwa, bila gramu 24 za mafuta kufuatana nayo.

Za karanga zinahitaji jicho jingine. Snickers ya kawaida ya Marekani ina uzito wa gramu 52.7, kalori 250, mafuta gramu 12, wanga 33, protini 4. Hapa kuna njia ya kuhakiki jedwali lolote, nayo tungependa walimu wa sayansi waichukue darasani: gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, gramu moja ya wanga 4, ya protini 4. Kwa hiyo 12 mara 9 ni 108, 33 mara 4 ni 132, 4 mara 4 ni 16. Jumla 256, karibu kabisa na 250 iliyochapishwa. Tofauti ni ya kukaribisha namba. Ukikuta tofauti ya kalori 60 au 80, ama umechanganya safu, ama jedwali lina kasoro. Protini gramu 4, kwa chokoleti inayotangazwa kwa picha ya karanga, ni chini ya ile ya yai moja, ambalo lina gramu 6 hivi.

Makosa mawili hujirudia kwenye hesabu hizi. Wengi hujumlisha wanga na sukari, wakati sukari tayari imo ndani ya mstari wa wanga. Na wengine hushtuka wakiona 2,000 na ushee kwa gramu 100, kumbe wamesoma mstari wa kilojuli. Gawa kwa 4.2, utarudi kwenye kalori.

Baada ya jedwali, shuka kwenye orodha ya viambato. Huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi mbele. Sukari ikiwa ya kwanza, umeshika sukari iliyotiwa kakao. Angalia pia inavyogawanywa majina: siropu ya glukosi, dekstrosi, siropu ya fruktosi. Kila moja peke yake yaweza kukaa nafasi ya nne au ya sita, lakini zikikusanywa zinapanda juu. Kisha tafuta siagi ya kakao. Isipokuwepo, na badala yake yameandikwa mafuta ya mimea, hiyo ni chokoleti ya kuigiza. Haina sumu, ila tusiilipie bei ya ile halisi.

Tofauti hiyo ina maana ya pekee kwetu wa kanda ya kati. Siagi ya kakao huyeyuka karibu nyuzi 34, na kibanda cha bati mwezi Oktoba au Novemba hufika huko bila shida. Chokoleti ikiyeyuka na kuganda tena hutoa utando mweupe ambao wateja hudhani ni ukungu, wakaitupa au wakagombana na muuzaji. Pitisha kidole: utando ukifutika na kuyeyuka, ni mafuta yaliyopanda juu. Ukiwa wa chengachenga na haufutiki, ni sukari, imetokana na unyevu, hasa pale chokoleti inapotolewa kwenye friji na kuachwa wazi ikatoa jasho. Zote mbili zinalika, ladha tu imepungua. Ukungu wa kweli una manyoya na harufu. Wauzaji wanaotumia friji ya soda waitie chokoleti kwenye mfuko uliofungwa vizuri, na wakiitoa wasubiri ifikie joto la kawaida kabla ya kuufungua.

Kwa wenye kisukari tuna mambo mawili, yote ya kuchukuliwa kwa uzito. Chokoleti iliyoandikwa "haina sukari" mara nyingi hutiwa maltitoli. Kalori zake ni karibu nusu ya za sukari, si sifuri, inapandisha sukari ya damu kwa kiasi, na ukila nyingi kwa mkupuo unaweza kuhara. La pili ni zito zaidi: mgonjwa sukari yake ikishuka, akaanza kutetemeka na kutoka jasho, asipewe chokoleti. Mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu wakati dakika zinahesabiwa. Apewe sukari gramu 15, yaani vijiko vinne vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, au mililita 150 za soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Apimwe tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, arudiwe. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Sasa kashata, maana tukizungumza hivi tunajibiwa upesi, "basi tule kashata zetu." Sawa, lakini nazo tuzipime. Chukua karanga gramu 500 na sukari gramu 250. Karanga hizo zina kalori kama 2,835, protini gramu 129, mafuta gramu 246. Sukari inaongeza kalori 1,000. Maji yakishakauka sinia lina uzito wa gramu 750 hivi. Likikatwa vipande 25 vya gramu 30, kila kipande kina kalori 153, sukari ya kutiwa gramu 10, protini gramu 5, mafuta 10. Chokoleti ya maziwa ya gramu 30 ina kalori 160, sukari 17, protini 2, mafuta 9. Kwa kalori, basi, hakuna mshindi, na anayetaka kupungua mwili hatasaidiwa na kashata. Faida iko kwingine: protini zaidi ya mara mbili, na mafuta mgando gramu moja na nusu tu dhidi ya zaidi ya tano.

Ila hesabu hiyo ni ya kashata yenye karanga mara mbili ya sukari. Zinazouzwa stendi nyingi huenda sawa kwa sawa, kwa sababu sukari ni rahisi kuliko karanga. Hapo kipande kilekile kinabeba gramu 15 za sukari, nayo kashata imeikaribia chokoleti. Utaijua kwa kuitazama ubavuni palipokatwa: ikiwa karanga zimeelea mbalimbali ndani ya kioo cha sukari, imepunjwa.

Pia kuna sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga hushambuliwa na ukungu uleule. Kukaanga hakuimalizi. Kinga iko kwenye kuchambua kabla ya moto: toa punje zilizonyauka, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu. Usizitwange ndipo uchambue, hutaona kitu. Punje za kutupwa zisirudi kwenye chakula cha kuku, wala zisiuzwe kwa bei ya chini kwa mama wa uji.

Kwa wajasiriamali wa kashata, jedwali la lishe halihitaji mtambo ili kuanza. Pima kila kiambato kwa gramu, si kwa kikombe, maana kikombe cha karanga nzima na cha karanga zilizovunjika si uzito mmoja. Zidisha kwa namba za jedwali la vyakula. Kisha pima sinia likishapoa, kwa sababu kugawa kwa uzito wa kabla ya kupika, maji yakiwemo, ndiko kunakoharibu lebo nyingi: kalori huonekana chache kuliko zilizopo. Afisa lishe wa halmashauri anaweza kukagua hesabu hiyo kabla hujaipeleka Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo ndilo linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019.

Kwa watengenezaji wakubwa ombi letu ni safu ya tatu, ya chokoleti nzima, kwa Kiswahili. Chile tangu mwaka 2016 huweka alama nyeusi ya pembe nane mbele ya vyakula vilivyozidi sukari, mafuta mgando, chumvi au kalori, na Mexico ikafuata 2020. Hapa kwetu tungetosheka kwanza na ile safu.

Na kwa wenye maduka, kuanzia Majengo mpaka Nkuhungu: kikaratasi cha bei kibandikwe upande wa mbele, juu ya ile picha ya karanga na maziwa yanayomiminika. Kwa nyuma paachwe wazi.

Walimu wa lishe,
Dodoma