Mto uliofungwa na mchanga haujafa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu mito midogo inayoingia baharini. Makala hiyo iliambatana na picha ya mlango wa mto uliozibwa na mchanga, na chini ya picha yakaandikwa maneno mawili: "Mto uliokufa." Nimefundisha jiografia kwa miaka mingi, na maneno hayo yameniuma, kwa sababu ni kosa lilelile ambalo nimekuwa nikilisahihisha katika madaftari ya wanafunzi tangu nilipoanza kazi. Mwanafunzi huchora mto kama mstari wa buluu unaoshuka kutoka mlimani, na pale mstari unapogusa bahari hunyanyua kalamu, basi. Akionyeshwa mto ambao maji yake yamesimama nyuma ya tuta la mchanga, huandika kwamba mto huo haufiki baharini.

Mto mdogo unaokwenda baharini bila kujiunga na mto mwingine ni mto kamili. Una chanzo chake, vijito vyake na bonde lake, na una mpaka wake wa maji, yaani ule mgongo wa ardhi ambao mvua ikinyesha upande huu huteremkia katika mto huu, na ikinyesha upande wa pili hwenda kwingine. Urefu peke yake hausemi mengi. Mto Ombla nchini Kroatia, tangu unapobubujika chini ya mwamba hadi unapokutana na maji ya bahari, una mita 30 hivi tu, lakini maji yake yanatosha kuunywesha mji wa Dubrovnik, kwa kuwa eneo linaloulisha limejificha ndani ya milima ya chokaa. Linaloupa mto nguvu ni ukubwa wa eneo linalokusanya mvua yake, na kwa mito mingi midogo eneo hilo ni dogo. Ndiyo maana mto wa kilomita 20 hufurika saa chache tu baada ya mvua kubwa, ukapungua siku ya pili, na katika miezi ya kiangazi ukabaki na maji ya kufika vifundoni.

Hapo ndipo bahari inapopata nafasi. Mawimbi mengi hayapigi ufuo moja kwa moja. Huja kwa mshazari, na kila wimbi husogeza mchanga kidogo upande mmoja. Mchanga huo ukifika kwenye mlango wa mto hujijenga kama ulimi, ulimi ukarefuka, na mto ukalazimika kupinda na kwenda sambamba na ufuo kutafuta pa kutokea. Mto mkubwa huusukuma mchanga huo nje mchana na usiku. Mto mdogo, maji yake yakishapungua, hauwezi tena, na ulimi huungana na ng'ambo ya pili. Kwa hiyo tuta lililoonekana katika picha yenu linatuonyesha tu kwamba, katika msimu ule, mawimbi yalikuwa na nguvu kuliko mkondo. Afrika Kusini ina milango ya mito karibu 300, na mingi kati yake hufunga na kufunguka kwa namna hii.

Nyuma ya tuta kuna mambo ambayo hayaonekani kwenye picha. Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 katika kila kilo moja, na kwa hiyo ni mazito kuliko maji ya mto. Yanapokutana, ya bahari hupenya chini na ya mto hupita juu. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaletea bilauri mbili za maji yaliyokorogwa na udongo laini wa mfinyanzi, moja nikitia kijiko cha chumvi. Ile isiyo na chumvi hukaa na ukungu wake hadi kipindi kwisha, lakini katika ile yenye chumvi chembe za udongo hushikana, zikawa vipande vinavyoonekana kwa macho, na kuzama. Tope linaloshikilia mizizi ya mikoko hukusanyika kwa njia hiyohiyo. Maji yakiwa yametulia nyuma ya tuta, samaki wachanga hukulia humo, na wakati wa bamvua, yaani bahari inapojaa kuliko kawaida, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, mawimbi huruka juu ya tuta na kuwaingiza wengine. Mvua zikirudi, maji hupanda nyuma ya mchanga hadi yapate upenyo. Mfereji mwembamba wa kuvukwa kwa hatua moja huweza kupanuka ndani ya saa chache ukawa mlango mpana, na matope ya msimu mzima yakatoka kwa mkupuo mmoja.

Makala yenu ilihimiza mchanga uchimbwe mara moja. Hapo ndipo ninapopinga kwa dhati. Tuta likikatwa wakati maji ya ndani bado ni kidogo, maji hayo hutiririka nje kwa unyonge, bila nguvu ya kuzoa matope. Samaki wachanga hubaki wakitapatapa kwenye tope, na mawimbi huziba tena pengo baada ya muda mfupi. Kila likikatwa hivyo, matope huzidi kurundikana. Tunao mfano mkubwa katika ziwa la St Lucia, jimbo la KwaZulu-Natal, hukohuko Afrika Kusini. Mwaka 1952 Mto Mfolozi ulitengwa na ziwa hilo na kupewa mlango wake, kwa hofu kwamba matope yake yangelijaza. Ukame wa miaka ya 2000 ulipokuja, ziwa lilikosa maji ya mto huo na sehemu kubwa ya sakafu yake ikakauka. Mwaka 2012 kazi ya kuuruhusu mto urudi ikaanza.

Sisemi kwamba tuta lisiguswe kamwe. Maji yakipanda hadi kwenye nyumba za watu, lazima yafunguliwe, ila yafunguliwe yakiwa yamejaa ndani na bahari ikianza kupwa, ili yatoke kwa kasi. Pia yapo madhara ya kweli ambayo makala iliyagusa kwa sentensi moja tu: maji yanayovutwa huko juu hadi mkondo ukakatika, na mchanga unaochotwa kitandani mwa mto, mchanga ambao ungekuwa wa ufuo. Hayo yalistahili ukurasa mzima.

Nawaomba, mkichapisha tena picha ya mlango wa mto, mtaje imepigwa mwezi gani, na kama bahari ilikuwa imejaa au imekupwa. Na ikiwezekana, mpigapicha asimame mahali palepale baada ya mvua kubwa ya kwanza.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa jiografia