Mnampungia mtu au mnaipungia injini?

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi si mwandishi wa barua, hii ndo ya kwanza, ila ile mliyoitoa wiki iliyopita ya yule bwana wa pikipiki kubwa imenikaa kooni na nimeona bora niiteme. Alilalamika kwamba salamu ya waendesha pikipiki imeshuka thamani, eti siku hizi hata watu wa skuta na vijana wa kupeleka vifurushi wanampungia mkono, na yeye kuanzia sasa atamrudishia yule tu ambaye ni "mwendeshaji wa kweli". Sasa bwana, mimi ni mtu wa skuta. Ya injini ndogo ya cc 125, rangi ya bluu, mwaka wa sita huu niko juu yake jua na mvua. Naomba nafasi nijibu.

Kuna baba mmoja napishana naye karibu kila asubuhi, saa moja na dakika zake, barabara ileile. Ana dude kubwa jeusi, helmeti yake ina mstari mwekundu katikati, na begi la pembeni kalifunga kwa mpira wa tairi, manake nadhani kifungo kilikatika akapuuza. Kila siku nampa kichwa, yaani nakiinamisha kidogo tu kama mtu anayeitikia hodi. Haijawahi kurudi hata siku moja. Nikamtafutia sababu mwenyewe, nikasema labda jua la asubuhi linampiga usoni haoni vizuri.

Basi mwaka huu mkanda wa skuta ukakatika, kaka yangu akaniachia pikipiki yake wiki nzima, zile ndefu za safari zenye masanduku ya bati pande zote mbili, cc 800, mpaka nipande inabidi nivute pumzi kwanza. Jumanne asubuhi, helmeti yangu ileile, koti langu la mvua lilelile lenye kiraka begani, tukapishana. Yule baba akaunyanyua mkono wa kushoto mpaka juu ya kioo, kiganja wazi, taratibu, kwa heshima zote utadhani tulisoma darasa moja. Nilishtuka mpaka nikasahau kujibu! Jumatano tena. Alhamisi tena, safari hii nikajibu na nikakiri moyoni kwamba nimefurahi, sitadanganya. Jumatatu iliyofuata skuta imepona, niko juu yake, saa ileile, naye huyoo anakuja. Jiwe. Macho mbele kama sanamu, na mkono wenyewe wa kushoto hauna kazi yoyote, umelala pajani, niliuona vizuri kabla hajanifikia.

Ndo maana naleta swali hili gazetini. Wiki ile alikuwa ananisalimia mimi au anasalimia injini ya kaka yangu?

Nisieleweke vibaya, si kila asiyekupungia ana dharau, na hapa wengi wetu tunakasirika bure. Mkono wa kulia ndo wenye mafuta na breki ya mbele, na breki ya mbele ndo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kulisimamisha dude, ukiuachia huo kwa ajili ya salamu umeachia vyote viwili kwa mpigo mmoja. Wa kushoto una klachi, kwa hiyo mtu anayebadili gia, anayeingia kona, anayekaribia taa, aliyekwama kwenye foleni anakwenda nusu hatua nusu hatua, huyo hana mkono wa kukupa. Na sisi wa skuta za kisasa zisizo na gia ndo kabisa, hendeli ya kushoto ambayo kwenye pikipiki ni klachi kwetu ni breki ya nyuma, yaani nikikupungia nimepunguza breki, hilo wengi wa mapikipiki makubwa hawalijui, wanaona tu huyu wa skuta mbona mgumu.

Halafu piga hesabu kidogo. Mkija kila mmoja na spidi 90, mnasogeleana kwa kilomita 180 kwa saa, hiyo ni mita 50 kwa sekunde. Umemwona akiwa mita 150, una sekunde tatu za kumtambua, kuamua, kutoa mkono, na kuurudisha ulikotoka. Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana, sisi salamu yetu haifiki hata robo, ukijiuliza "huyu ni wa kweli au si wa kweli" ameshapita zamani.

Na nchi zenyewe hazifanani. Marekani, Ufaransa, Ujerumani wanaendesha kulia, kwa hiyo mkono wa kushoto ndo ulio upande wa anayekuja na ndo huohuo usioshika mafuta, ndo maana huko ile salamu ya kushusha mkono chini na vidole viwili imeota mizizi, wengine wanakwambia maana yake ni magurudumu mawili yabaki chini siku zote. Ukienda Uingereza wanakoendesha kushoto, mkono wa karibu na mwenzako ndo wenye mafuta, wa kushoto ukiushusha hauonekani, kwa hiyo wengi wanainamisha kichwa tu na yameisha. Wafaransa wao wana la ziada, dereva wa gari akiwasogea wapite wanatoa mguu pembeni kumshukuru, mguu kabisa! Mara ya kwanza kuliona hilo nilidhani jamaa anataka kupiga teke mlango wa gari la watu.

Sasa turudi kwa huyu "wa kweli". Wanaoipenda hii desturi husimulia kwamba ilianza 1904, William Harley na Arthur Davidson, walioanzisha pikipiki za Harley-Davidson, walipopishana barabarani wakapungiana, na mtu akawaona akadhani ndo utaratibu. Ni hadithi nzuri, ushahidi wake hakuna, lakini hata tukiikubali angalia wale mabwana walianza na nini. Injini ya kwanza aliyoichora Harley mwaka 1901 ilikuwa na cc 116, ya kufungwa kwenye baiskeli, na kwenye vilima vya Milwaukee, mji wao kule Marekani, ilikuwa haipandi mpaka mtu asaidie kwa pedeli. Cc 116! Skuta yangu inamzidi mzee Harley cc tisa na kilima inapanda bila mimi kutoka jasho. Leo angekutana na msomaji wenu akiwa juu ya kile kibaiskeli chake angepita kama hewa.

Huu ubaguzi wa skuta na pikipiki nao una historia yake, si wa jana. Skuta ya Vespa ilitoka Italia 1946, ina bati pana mbele la kukukinga na matope ili ufike na nguo zako safi, na hilo bati tu lilitosha kuwakera watu wa jaketi la ngozi. Kule Uingereza mwaka 1964 yalifika mbali, vijana wa skuta walioitwa Mods wakiwa na suti zao na vijana wa pikipiki walioitwa Rockers wakatwangana ufukweni, Clacton siku za Pasaka, na Mei wakarudia Margate na Brighton, polisi wakajaza magari. Vijana wa magurudumu mawili wote, upepo unawapiga wote, mvua inawalowesha wote, wanapigana kwa sababu mmoja miguu anaiweka pamoja mbele na mwingine anaipanua pembeni ya tenki.

Ila kinachonichekesha zaidi ni pikipiki ndogo ya Kijapani, Honda Super Cub. Ilitoka 1958, na mzee Soichiro Honda alitaka mtu anayepeleka vyakula aweze kuiendesha kwa mkono mmoja na mzigo kwenye mkono wa pili, kwa hiyo hendeli ya klachi ikaondolewa kabisa, gia ni za mguu tu. Kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Kwa hiyo pikipiki ambayo dereva wake ana mkono mtupu kuliko wote barabarani, iliyobuniwa hasa mkono uwe mtupu, ndo ambayo wakubwa hawaipungii. Nikiiwaza hii nikiwa peke yangu ndani ya helmeti nacheka mwenyewe.

Niwe mkweli lakini, kila kundi lina vituko vyake. Wale wa pikipiki za mbio wamelala juu ya tenki, uzito wote uko kwenye viganja, ukipata kidole kimoja kimenyanyuka kwenye hendeli shukuru, huyo amekupa alichonacho. Wa pikipiki kubwa zenye viti kama makochi na redio hawana tatizo la nafasi, wamekaa kama sebuleni, wanapunga mpaka bega linasogea. Wa safari, kina kaka yangu, wanampungia kila kitu, ng'ombe wakipita atawapungia, na masanduku yao ya bati hawavui hata wakienda kazini dakika kumi. Mwanafunzi aliyepata leseni juzi anampungia mpaka trafiki. Na kuna aina moja, hii ndo naiogopa, mtu aliyekuwa na kipikipiki kidogo akipungia wote, akapata kikubwa akapofuka ghafla. Maskini akipata matako hulia mbwata, sijui nisemeje kwa lugha ya gazetini.

Vijana wa vifurushi na abiria ndo wanaosemwa sana kwamba hawana salamu. Jamani, yule kwa siku anapishana na mamia, akimpungia kila mtu ile kazi ataifanya saa ngapi? Mjini hata mi simpungii mtu, ningekuwa kama feni. Salamu inaanza pale nyumba zinapoisha na barabara inapofunguka, unakaa dakika kumi hujaona mwenzio, ndo akitokea mmoja roho inasuuzika.

Na hawa vijana wana lugha yao, ambayo msomaji wenu sijui kama anaijua. Miezi michache iliyopita nashuka mteremko, kona iko mbele, anapanda kijana ana boksi kubwa nyuma limepasuka pembe likazibwa na gundi ya karatasi. Hajanipungia. Alichofanya ni kutoa mkono wa kushoto nje, kiganja chini, akawa anapiga hewa kwenda chini, taratibu taratibu, kama unamtuliza mtoto. Hiyo ni punguza. Kisha akanyoosha kidole kwenye lami. Nikapunguza, nikaingia kona kwa spidi ya baiskeli, na kweli, lori lilikuwa limemwaga dizeli njia yangu nzima, inang'aa kwa rangi zote, na kando yake michubuko mirefu kwenye lami ya mtu aliyetangulia kuanguka. Nilipita kwa kuburuza miguu miwili chini, magoti yanatetemeka mpaka nyumbani. Yule kijana hakuangalia niko juu ya cc ngapi. Na wala sikuwahi kumshukuru, nilipotazama kwenye kioo alikuwa ameshaishia.

Kuna nyingine pia, kujigonga kofi juu ya helmeti kwamba mbele kuna trafiki, kugonga tenki kwa mwenzako kwamba mafuta yanaisha tutafute kituo, mkienda wengi mguu kutoka upande wenye shimo ili wa nyuma alione. Hizo hazijawahi kuuliza nani wa kweli. Mpaka watu wa skuta tunazipata, na hakuna aliyelalamika kwamba zimeshuka thamani.

Nilimsomea kaka yangu ile barua ya wiki iliyopita kwa simu, akacheka, akasema "we mpungie tu, mkono hautozwi kodi". Lakini yeye ni rahisi kusema, yeye anarudishiwa. Msomaji wenu kama anataka shikamoo za cc, akae tu atulie wampe watakaotaka. Mi kesho saa moja na dakika zake nitapishana tena na baba wa helmeti ya mstari mwekundu, nitakiinamisha kichwa kama kawaida, nikishindwa kwa sababu nimeshika breki atanisamehe. Na kama kwa bahati ndo yeye aliyewaandikia, mwambieni lile begi lake la pembeni juzi lilikuwa linaning'inia, ule mpira umechoka, litamdondokea siku moja. Nilijaribu kumwonyesha kwa kidole akapita bila kuangalia.

Wenu,
Mwenye Skuta ya Bluu