Risiti zetu zinafutika, Ndugu Mkurugenzi

Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri,

Shikamoo. Sijui umri wako. Kama nimekuzidi, basi nirudishie.

YAH: MAOMBI YA TAARIFA ZA USHURU WA DAGAA KATIKA MWALO WETU (MARA YA PILI, SAFARI HII HADHARANI)

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake wauza dagaa katika mwalo mmoja, yaani pwani ya kushushia samaki, wa mkoa wa Mwanza. Siyo Kirumba. Kule ndiko wanakofikia wanunuzi wa Kongo, Rwanda na Burundi, na mambo yake ni makubwa. Wetu ni mwalo mdogo, mchanga na mawe na chanja chache za kuanikia. Jina la halmashauri nimeliacha kwa makusudi. Mkoa una halmashauri nane, na mwenye barua yake ataijua kwa sababu nakala ya kwanza iko masjala kwake, imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Jambo lenyewe linaanzia kwenye risiti.

Kila gunia linalotoka mwaloni linalipiwa ushuru. Kijana wa mashine anabonyeza, karatasi inatoka, unaikunja unaifunga kwenye pindo la kanga. Sasa karatasi zile hazina wino, zinaandikwa kwa joto, na sisi kazi yetu ni jua. Kutwa nzima tuko mchangani tunageuza dagaa. Baada ya wiki mbili tatu maandishi yanapauka, kisha yanaondoka kabisa. Mama mmoja wa kikundi alitunza risiti zake za mwaka mzima kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku tuliyokaa kuzijumlisha, tulimwaga mkekani karatasi nyeupe tupu. Tulicheka sana. Halafu tukanyamaza, maana kila mmoja alikuwa anafikiria kopo lake.

Tangu siku hiyo kila jioni nanakili risiti za wenzangu kwenye daftari: tarehe, idadi ya magunia, kiasi. Lakini daftari ni langu, halina muhuri, na mtu yeyote anaweza kusema nimeliandikia kitandani. Kumbukumbu ambayo haifutiki ni moja tu, nayo iko ofisini kwako. Mashine ile ile iliyotupa karatasi ndiyo inayotuma hesabu kwenye mfumo wa halmashauri.

Tunachoomba ni hiki. Jumla ya ushuru uliokusanywa katika mwalo wetu kila mwezi, kwa mwaka wa fedha 2023/24 na 2024/25, na katika hizo, kiasi kilichofika benki. Kama ukusanyaji amepewa wakala, tuone mkataba wake, hasa sehemu inayosema yeye anabaki na nini. Majina ya watu hatuyataki, wala simu zao. Mwezi, kiasi, basi.

Dirishani tuliulizwa: "Nyie akina mama mnazitaka za nini?" Nilikuwa na haraka ya daladala sikujibu vizuri. Najibu sasa.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, baada ya kufanyiwa marekebisho mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Yako mapato yanayotolewa kwanza kabla ya kupiga hiyo asilimia, zile fedha zenye kazi yake maalumu, hilo tunalielewa. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Kikundi chetu kiliomba, tukaambiwa fungu limekwisha. Inawezekana kabisa. Vikundi ni vingi na fungu si bahari. Ila ndugu yangu, sehemu ya kitu usichokijua ukubwa wake utaipimaje? Mtu akikupa kipande cha sangara akakuambia hiki ndicho chako, sharti uwe umemwona sangara. Ushuru wetu ni sehemu ya samaki huyo, na hatujawahi kumwona hata mkia.

Na tuna shida ya kufanyia mkopo. Dagaa wa mchangani mvua ikiwanyeshea wanabadilika rangi, wananuka, na bei ya chakula cha watu inageuka bei ya chakula cha kuku. Gunia ni lile lile, jasho ni lile lile. Chanja za kuinua dagaa juu ya mchanga ndizo tulizoombea mkopo. Hatukuombea harusi.

Barua ya kwanza tuliileta wenyewe, wanawake watatu, na namba zetu za vitambulisho vya taifa, kwa kuwa haki hii sheria imempa raia. Wiki iliyofuata tukaambiwa faili liko juu. Juu tukaambiwa limeshuka. Mara ofisa wa mapato yuko semina, mara tulete kibali, bila kuambiwa kibali cha nani. Mwisho kijana mmoja mpole, nadhani alituonea huruma, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba hesabu za mapato ni siri ya ofisi.

Nimeisoma Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, kwa msaada wa binti yangu maana Kiingereza chake kizito. Zipo taarifa zinazoruhusiwa kuzuiwa, za usalama wa taifa, za uchunguzi unaoendelea, za faragha ya mtu. Ushuru wa dagaa sikuuona humo. Sheria hiyo inataka kila taasisi iwe na ofisa wa kutoa taarifa, na inampa mwombaji jibu ndani ya siku 30. Sisi siku 30 tunazihesabu kwa mwezi wa juu. Wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika, nasi tunapumzika. Giza moja na mwezi wake, hizo ndizo siku zako. Tangu muhuri ule ugongwe, hili ni giza la tatu.

Asiyeridhika, sheria inamwelekeza aombe mapitio kwa mkuu wa taasisi. Mkuu wa taasisi ni wewe. Kwa hiyo usiione barua hii kama matusi. Ndiyo ngazi yenyewe, nimeipanda mchana kweupe ili kusiwe na ubishi kama ilifika. Baada yako yupo Waziri, na ningependa tusifike huko kwa ajili ya hesabu za mwalo mdogo.

Kitu kimoja kinanishangaza. Ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuhusu serikali za mitaa inawasilishwa Bungeni kila mwaka, na mwenye simu anaisoma akiwa kitandani. Humo hoja ya fedha zilizokusanywa kwa mashine na kutofika benki hairudi mara moja wala mbili. Sisemi za mwalo wetu zimo. Sina ushahidi, na nisingependa kijana wa mashine, ambaye ni mtoto wa jirani, atazamwe vibaya kwa barua yangu. Yeye naye karatasi zikionyeshwa anapona.

Gharama ya nakala tumeshaichanga. Ukiona karatasi ni nyingi, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, tutazisoma tukiwa tumesimama. Ila naomba zisitolewe kwa mashine ile ya risiti.

Ukimtuma mtu, giza likiwepo atukute mwaloni kuanzia alfajiri. Mbalamwezi ikiwa kali, aulize nyumbani kwa katibu, mtendaji wa kata anapajua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kikundi